Mshairi wa Jiji Asomwe Mzima: Langston Hughes, Jinja na Mbale

Mazungumzo haya yanahusu kitabu kimoja kikubwa cha mashairi ya jiji, The Collected Poems of Langston Hughes, kilichochapishwa Marekani mwaka 1994 chini ya uhariri wa Arnold Rampersad na David Roessel, na yanauliza kitabu cha namna hiyo kinaifundisha nini miji ya Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, ambayo yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mshairi wa jiji haonekani sawasawa katika shairi mojamoja, kwa sababu jiji lenyewe halikai katika mtaa mmoja wala katika siku moja. Mashairi yake aghalabu ni mafupi, ni mengi, yanazungumzia mambo ya kupita, na nguvu yake hudhihirika yanapowekwa pamoja. Hoja hiyo ikikubaliwa, kukusanya mashairi kunakuwa sehemu ya fasihi yenyewe, na mji usioifanya kazi hiyo hujinyima sehemu kubwa ya kumbukumbu zake.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Mkusanyo kamili ni kitabu kinachojumuisha kila shairi la mtunzi linaloweza kupatikana, liwe lilitoka katika diwani zake, liwe lilichapishwa gazetini likasahauliwa, na mashairi hayo hupangwa kwa utaratibu ambao mhariri anaweza kuutetea. Diwani teule, kwa upande wake, ni kitabu cha mashairi machache yaliyochaguliwa, ama na mtunzi mwenyewe ama na mtu mwingine, kwa kipimo cha ubora, cha ladha, au cha usalama wa wakati ule. Mshairi wa jiji naye, kwa maana inayotumika hapa, ni mtunzi anayelifanya jiji kuwa somo lake la kudumu, akishughulika na kodi ya nyumba, foleni za kutafuta kazi, maduka ya pembeni, nyumba za ibada, kumbi za muziki, na lugha ya watu wanaokutana kila siku bila kujuana.

Langston Hughes, aliyezaliwa Joplin, Missouri, mwanzoni mwa karne ya 20, na kufariki New York tarehe 22 Mei 1967, ndiye aliyeupa mtaa wa Harlem, makao makubwa ya watu weusi katika jiji la New York, sauti iliyosikika duniani kote. Diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, ilitoka mwaka 1926, na ndani yake muziki wa bluzi, yaani nyimbo za huzuni na ustahimilivu za watu weusi wa Marekani, uliingizwa katika mizani ya ushairi wa kuandikwa, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati huo, wakiwemo weusi wenzake, waliliona kuwa linaushusha hadhi ushairi. Hughes hakurudi nyuma. Kwa zaidi ya miaka 40 aliendelea kuandika kuhusu wafagizi, wapishi, wapangaji wanaodaiwa, wapiga piano wa usiku na akina mama wanaofua nguo za watu, na mengi ya mashairi hayo aliyatoa kwanza katika magazeti na majarida yaliyosomwa na watu haohao.

Kwa wakazi wa Jinja, mkusanyo huo una jambo la karibu zaidi kuliko wengi wanavyojua. Moja ya mashairi ya mwanzo kabisa ya Hughes, The Negro Speaks of Rivers, aliloandika akiwa bado kijana wa umri wa shule, ndani ya gari moshi lililokuwa likivuka mto Mississippi, na ambalo lilichapishwa katika jarida la The Crisis mwaka 1921, linaiunganisha historia ya watu weusi na mito minne, nayo ni Frati, Kongo, Nile na Mississippi. Mto Nile anaoutaja kijana huyo, ambaye wakati huo hakuwa amekanyaga bara la Afrika, ndio huohuo unaotoka ziwani pale Jinja. Mshairi aliyekuja kujulikana kwa lami, taa na ngazi za Harlem alianza kwa maji ya mto, na ni mkusanyo uliopangwa kwa kufuata miaka unaomwezesha msomaji kufuatilia safari hiyo hatua kwa hatua, kutoka sauti moja inayosema kwa niaba ya kabila zima hadi mamia ya sauti ndogondogo za wapangaji wa mtaa mmoja.

Kilele cha safari hiyo ni kitabu cha mwaka 1951, Montage of a Dream Deferred, ambacho kina mashairi mafupi zaidi ya 80, lakini ambacho Hughes mwenyewe alitaka kisomwe kama shairi moja refu. Muundo wake aliuchukua kutoka mtindo wa jazi uliochipuka wakati wa Vita Kuu ya Pili, muziki wenye mapigo yanayokatika ghafla, wenye ala zinazodakizana, moja ikiingia kabla nyingine haijamaliza. Ndivyo pia mashairi yake yanavyodakizana, huyu akilalamikia mwenye nyumba, yule akihesabu fedha za bahati nasibu, mwingine akiuliza ndoto iliyoahirishwa hufanyika nini. Shairi moja la kitabu hicho ndilo lililompa Lorraine Hansberry jina la tamthilia yake maarufu ya mwaka 1959, A Raisin in the Sun, na husomwa peke yake katika shule nyingi. Hata hivyo, likisomwa peke yake huwa ni swali lisilo na muulizaji, ilhali likirudishwa miongoni mwa wenzake hujulikana ni nani anayeuliza, analipa kodi kiasi gani, na ni kwa sababu gani subira inamwishia.

Tofauti kati ya diwani teule na mkusanyo kamili inaonekana wazi katika maisha ya mtunzi huyu. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Hughes aliandika mashairi makali ya kuwatetea wafanyakazi na kuwashutumu matajiri, na kwa ajili hiyo mwaka 1953 aliitwa kuhojiwa na kamati ya Seneta Joseph McCarthy, iliyokuwa ikiwasaka watu waliodhaniwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Alipochapisha diwani yake teule mwaka 1959, mengi ya mashairi hayo hakuyaweka. Msomaji wa kitabu hicho alikutana na Hughes mpole, mwenye huzuni na ucheshi, lakini hakukutana na yule aliyesimama upande wa wagomaji. Kwa miaka 35 sura hiyo ndiyo iliyotawala, hadi mkusanyo wa mwaka 1994, wenye mashairi yapatayo 860, ulipoyarejesha yaliyoachwa na kuyapanga mahali pake, mwaka baada ya mwaka, ili msomaji ahukumu mwenyewe. Wahariri hawakudai kwamba kila shairi ni zuri, kwa maana mengine yaliandikwa kwa haraka, kwa ajili ya tukio la juma lile. Walichothibitisha ni kwamba bila hayo, yaliyo mazuri hayaeleweki yalitoka wapi.

Hughes si mfano pekee wa jambo hili. Frank O'Hara, mfanyakazi wa jumba la sanaa za kisasa la New York, Museum of Modern Art, aliandika mengi ya mashairi yake katika saa ya chakula cha mchana, akayatia kwenye droo au akayatuma kwa marafiki ndani ya barua, na alipofariki kwa ajali mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 40, hapakuwa na mtu aliyejua ameacha mashairi mangapi. Marafiki zake walitafuta, wakalinganisha nakala, na mwaka 1971 Donald Allen akatoa mkusanyo wa kurasa zaidi ya 500, ambao mwaka uliofuata ulipata tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani. Mtu aliyedhaniwa kuwa mtunzi wa vipande vya kupitisha muda akaonekana kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa jiji lile.

Uhusiano wa Hughes na Uganda haukuishia katika kuutaja mto Nile. Mwezi Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, akakaa pamoja na Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na kijana wa Makerere aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Hakuja mikono mitupu, kwa kuwa miaka miwili nyuma alikuwa amehariri An African Treasury, kitabu kilichowakusanya waandishi wa Afrika kwa ajili ya wasomaji wa Marekani, na baada ya mkutano, mwaka 1963, akatoa kitabu kingine cha mashairi ya bara hili. Hughes alikuwa mkusanyaji wa wengine kabla hajakusanywa yeye. Mkutano huo ulikuwa na kasoro moja kubwa, ambayo Ngugi aliieleza baadaye akiwa mwandishi mashuhuri: kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa walioandika Kiingereza tu, Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili wa karne hiyo, hakuwa na nafasi ndani yake, naye alifariki mwezi huohuo wa Juni.

Kutajwa kwa Kiswahili kunakumbusha kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na mshairi wake wa jiji kabla New York haijampata Hughes. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi Mombasa takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, ndiye anayesifiwa na watafiti kwa kuutoa ushairi wa Kiswahili katika ibada na tenzi za kidini na kuufikisha sokoni na mitaani, akiutumia kujibizana na watu, kuisuta miji jirani, kuomboleza njaa, kusifu mapenzi na kuwatetea Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa dhidi ya Seyyid Said wa Oman. Mashairi yake yalitungwa kwa ajili ya siku na tukio, na mengi yangepotea na matukio hayo lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyahifadhi kwa kuwasikiliza waliokuwa wakiyakumbuka, na mmisionari William Taylor, aliyeyaandika pamoja naye mwishoni mwa karne ya 19. Hati hizo zilipelekwa Uingereza, William Hichens akazitoa kama diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa Nairobi utafiti wake mkubwa juu ya mshairi huyo. Karne nzima ilipita kati ya kufa kwa mtunzi na kuchapwa kwa diwani yake, na muda wote huo mashairi ya jiji la Mombasa yalishikiliwa na kumbukumbu za wazee wachache.

Reli iliyoanzia Mombasa ndiyo iliyoileta sehemu kubwa ya maisha mapya ya mijini mashariki ya Uganda, ilipofika Mbale mwishoni mwa miaka ya 1920, na ilipouvuka mto Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Mbale, uliokua kutokana na makao ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa mji wa kahawa ya mlima Elgon, ambako chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954. Jinja ukawa mji wa viwanda, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka huohuo wa 1954, likazalisha umeme ulioendesha kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles na vingine. Watu walikuja kutoka Busoga, Bugisu, Bukedi, Teso, Kenya na India, wakapanga vyumba katika mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba, wakazungumza Kisoga, Kigisu, Kiganda, Kiteso, Kigujarati na Kiswahili cha kambini na kiwandani. Mwaka 1955 watafiti Cyril na Rhona Sofer walichapisha uchunguzi wa jamii uitwao Jinja Transformed, wakieleza kazi, mishahara na makazi ya watu wa mji huo. Mji ulihesabiwa na kuandikiwa ripoti, lakini ripoti haiwezi kueleza mfanyakazi aliwaza nini king'ora cha zamu ya usiku kilipolia, na hiyo ndiyo kazi ya mshairi.

Washairi hawakukosekana. Timothy Wangusa, aliyezaliwa Bugisu mwaka 1942, akawa profesa wa fasihi Makerere, ndiye jina kubwa zaidi kutoka pande za Mbale. Diwani yake Salutations, ya mashairi ya kati ya 1965 na 1975, ilitoka mwaka 1977, na mwaka 1994, mwaka uleule wa mkusanyo wa Hughes, ikatoka A Pattern of Dust, diwani teule ya kazi zake za miaka 25. Shairi lake linalojulikana sana mashuleni, A Taxi Driver on His Death, lililomo katika Poems from East Africa, kitabu kilichohaririwa na David Cook na David Rubadiri mwaka 1971, linampa nafasi ya kusema dereva wa teksi anayetabiri kwamba atafia barabarani, akiendesha watu asiowajua, kwa kuufukuzia mwendo unaokatazwa na faida ndogo ya ziada. Yeyote aliyesafiri kwa teksi kati ya Mbale na Jinja humtambua dereva huyo mara moja. Mwanafunzi hufundishwa shairi hilo kama somo la ajali na mafumbo, na haelezwi kwamba mtunzi huyohuyo ndiye aliyeandika riwaya ya Upon This Mountain, iliyotoka mwaka 1989, kuhusu kijana wa Mlima Elgon anayekua kati ya mila za kwao na elimu ya wageni. Dereva wa barabarani na kijana wa mlimani ni watu wa ulimwengu mmoja, kwa maana barabara ile huanzia chini ya mlima ule, lakini jambo hilo huonekana kazi zote za mwandishi zinaposomwa pamoja.

Wengine wametawanyika zaidi. Yako mashairi yaliyochapwa katika Penpoint, jarida la wanafunzi wa Makerere lililoanza mwaka 1958, na katika Transition, jarida lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961. Yako mashairi ya Waganda wenye asili ya Kihindi kama Jagjit Singh, aliyeandika juu ya ugumu wa kuwa Mwasia na Mwafrika Mashariki kwa wakati mmoja, miaka michache kabla ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, tukio lililoziacha nyumba za barabara kuu ya Jinja bila wenyewe. Na uko ushairi usiopitia karatasi kabisa, kama nyimbo zinazoandamana na bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nyimbo za ngoma ya kadodi, ambazo katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili huteremka na vijana wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, hadi katikati ya barabara za Mbale. Nyimbo hizo hutajwa kama utamaduni wa kijijini, ilhali waimbaji wake wa leo huingiza ndani yake bei za soko, majina ya wanasiasa, simu na bodaboda, na kwa hiyo ni mashairi ya jiji kwa haki kamili.

Kukusanya kazi kama hizi kunahitaji utaratibu. Hatua ya kwanza ni kutafuta, na mahali pa kutafuta panajulikana: maktaba ya Makerere, majarida ya shule kongwe, magazeti ya zamani, vijitabu vya makanisa na misikiti, na kanda zilizorekodiwa redioni ambazo nyingi huharibika kwa unyevu. Hatua ya pili ni kulinganisha, kwa sababu shairi moja huweza kuwa na matoleo matatu, na mhariri hana budi kueleza lipi amelichukua na kwa nini. Hatua ya tatu ni kupanga na kufafanua, ili msomaji wa miaka 50 ijayo aelewe mtaa gani unatajwa na mgomo upi unazungumziwa. Juu ya hayo yote iko sheria, kwani sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda haki za mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo mkusanyo wa haki huanza kwa kuomba idhini ya mtunzi au familia yake na kukubaliana nao malipo. Kwa nyimbo za bigwala na kadodi, idhini hiyo iombwe kwa waimbaji wenyewe, na majina yao yaandikwe iwapo wanapenda, kwa sababu wao ni watunzi wala si malighafi ya watafiti.

Swali la lugha haliwezi kukwepwa. Mkusanyo wa mashairi ya Jinja au ya Mbale ukichapishwa kwa Kiingereza peke yake utarudia kosa la mwaka 1962, na ukifungwa katika Kisoga au Kigisu pekee utawaacha nje wengi waliolijenga jiji. Inafaa kila shairi lichapwe katika lugha lililotungwa, na kando yake liwekwe katika Kiswahili, lugha ambayo baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi hao watahitaji vitabu, na ni haki yao kujifunza Kiswahili kwa mashairi yanayotaja Masese na Walukuba za Jinja, Namatala na Wanale za Mbale, pamoja na yale yanayotaja Mombasa na Tanga.

Wanaoweza kuianza kazi hii wapo. Mbale una Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, chenye walimu wa lugha na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Jinja una shule kongwe, halmashauri ya jiji na vituo vya redio vinavyosikika hadi visiwani. Na miji yote miwili ina wazee wanaokumbuka nyimbo za zamu ya usiku na za msimu wa kahawa. Harlem ulipata mkusanyo wake kamili miaka 27 baada ya kifo cha mshairi wake, na Mombasa ulisubiri miaka 100. Timothy Wangusa na kizazi chake wameandika, na waimbaji wa kadodi na bigwala wanaendelea kutunga. Kila halmashauri inayopanga bajeti ya barabara na masoko ya jiji jipya iweke ndani yake fungu la kitabu cha jiji hilo, na kila mwalimu anayefundisha shairi la dereva wa teksi awape wanafunzi wake kazi ya kutafuta mashairi mengine kumi ya mji wao, wayaandike pamoja na jina la aliyeyatunga, mwaka na mahali.